Mwana wa Mfalme ni Nani?

Ndugu msikilizaji, wahenga walisema kuwa siri ya mtungi aijuaye ni kata. Katika mazungumzo yetu ya juma hili nataka tuupime msemo huo kwa kisa cha nchi moja ya kaskazini ya Ulaya, nchi ya Norwei. Huko, tangu mwaka 1130 hadi mwaka 1240, yaani muda wa miaka 110, watu waliuana mara kwa mara kwa sababu ya swali moja ambalo kwa kawaida mwenye jibu lake ni mama mzazi peke yake: mtoto huyu baba yake ni nani?

Twende basi mpaka mji wa Bergen, bandari iliyoko pwani ya magharibi ya nchi hiyo. Mwaka ni 1218. Mwanamke mmoja aitwaye Inga, mwenyeji wa mahali paitwapo Varteig, anakishika mkononi chuma kilichotiwa moto. Kwa desturi ya siku hizo, mwenye kula kiapo cha namna hiyo alikibeba chuma kwa hatua kadhaa, kisha mkono wake ukafungwa kwa kitambaa. Baada ya siku chache kitambaa kilifunguliwa, na mkono ukiwa unapona vizuri, watu walisema kuwa Mungu mwenyewe ametoa ushahidi. Inga hakushitakiwa kwa wizi wala uchawi. Alikuwa anathibitisha kwamba mwanawe Håkon, kijana wa miaka 14, alizaliwa na marehemu Mfalme Håkon wa Tatu. Mkono ulifunguliwa, ukaonekana salama, na wakubwa wa nchi wakasema wameridhika.

Jambo la kushangaza ni hili: kijana yule alikuwa tayari amekwisha kuchaguliwa mfalme mwaka mmoja kabla yake, mwaka 1217. Kiti alikuwa amekikalia. Lakini palikuwapo wakubwa waliosema kuwa hawana hakika na ukoo wake, na kwa ajili hiyo mama yake akaunguzwa mkono. Ili tuelewe ni kwa nini mambo yalifika hapo, hatuna budi kurudi nyuma karibu miaka 90.

Katika Norwei ya zamani hizo haikuwapo sheria iliyoandikwa ya kurithi kiti cha ufalme. Ilikuwapo desturi. Desturi yenyewe ilisema kuwa kila mwana wa mfalme anayo haki, awe ni wa mke wa ndoa au wa mwanamke wa nje, awe mkubwa au mdogo. Kilichotakiwa ni yeye kukubaliwa na watu katika baraza lililoitwa ting, mahali ambapo wakulima huru walikutana kuamua kesi na kumpokea mfalme. Wakitokea wana wawili au watatu, waliweza kutawala pamoja, kila mmoja na watu wake na mapato yake. Na kwa hakika mpango huo ulipata kufanya kazi. Mfalme Magnus Berrføtt alipouawa huko Ayalandi mwaka 1103, wanawe watatu walishika ufalme kwa pamoja, na hawakupigana vita.

Lakini Magnus huyo alikuwa mtu wa safari nyingi, na mtu wa safari nyingi huacha maneno nyuma yake. Mwishoni mwa miaka ya 1120 alifika Norwei kijana mmoja kutoka Ayalandi, jina lake Harald, ambaye historia inamwita Harald Gille. Lugha ya Norwei alikuwa haijui vizuri. Alisema kuwa yeye ni mwana wa Magnus. Mfalme aliyekuwa kitini wakati huo, Sigurd, mmoja wa wale ndugu watatu, alimtaka Harald athibitishe dai lake kwa kukanyaga vyuma vya plau vilivyotiwa moto. Harald akakanyaga, na miguu yake ikatangazwa kuwa salama. Sigurd akamkubali kuwa ndugu, lakini kwa sharti: Harald aape kwamba hatadai ufalme maadamu Sigurd yu hai, wala maadamu Magnus, mwana wa Sigurd, yu hai. Harald akaapa.

Mwaka 1130 Sigurd alifariki dunia. Kiapo kile kikazikwa pamoja naye. Harald alidai nusu ya ufalme, na akapata watu wa kumkubali katika ting. Kwa muda wa miaka minne yeye na Magnus waligawana nchi huku kila mmoja akimtazama mwenzake kwa jicho la pembeni. Mwaka 1134 walipigana, Harald akashindwa na kukimbilia Denmaki. Akarudi na nguvu mpya, na mwanzoni mwa mwaka 1135 akamkamata Magnus mjini Bergen. Hakumwua. Alimpofusha macho, akamkata mguu, akamhasi, kisha akampeleka katika nyumba ya watawa, ili mtu yeyote asiwe na tamaa tena ya kumfanya mfalme. Ndiyo sababu Magnus huyo anajulikana mpaka leo kwa jina la Magnus Kipofu.

Je, Harald alifaidi? Mwaka uliofuata, 1136, aliuawa usiku hapo hapo Bergen na mtu mwingine aitwaye Sigurd Slembe. Na huyu Sigurd Slembe alidai nini? Alidai kuwa na yeye ni mwana wa Magnus Berrføtt, na kwamba kiapo cha chuma amekwisha kula huko Denmaki mbele ya maaskofu! Njia ile ile iliyompandisha Harald ndiyo iliyomshusha. Sigurd Slembe naye hakuupata ufalme. Alimtoa yule Magnus Kipofu katika nyumba ya watawa, akazunguka naye kama bendera, mpaka wote wawili wakapoteza maisha yao katika vita ya mwaka 1139.

Wakabaki wana wa Harald. Sigurd Munn aliuawa mwaka 1155 na watu wa ndugu yake Inge. Øystein aliuawa mwaka 1157. Inge akauawa mwaka 1161 katika vita na mpwa wake Håkon Herdebrei, na Håkon akauawa mwaka 1162, akiwa kijana wa miaka 15 hivi. Hebu hesabu, ndugu msikilizaji. Kati ya mwaka 1136 na mwaka 1162 waliuawa wafalme watano, na hapo hatujawahesabu wadai waliokufa kabla ya kukikalia kiti.

Sasa, mtu anaweza kudhani kwamba tatizo lilikuwa ni wingi wa watoto wa kifalme wenye uchu wa madaraka. Ukiutazama mtiririko wenyewe kwa makini utaona jambo jingine. Sigurd Munn na Inge walipofanywa wafalme mwaka 1136, Sigurd alikuwa mtoto wa miaka kama mitatu, na Inge alikuwa mchanga kabisa. Mtoto wa umri huo hana uchu wa madaraka. Ana uchu wa maziwa. Wenye uchu walikuwa wakubwa waliomzunguka. Kila mfalme alikuwa na kundi lake la makabaila na askari waliokula mezani kwake, wakapata mashamba, vyeo na mapato kwa jina lake. Mfalme huyo akiuawa, kundi lake halikuwa na kazi wala kinga. Njia ya kujiokoa ilikuwa ni moja tu, nayo ni kutafuta mwana mwingine wa mfalme. Kwa hiyo mara nyingi si mwana aliyetafuta jeshi, bali ni jeshi lililotafuta mwana. Na mwenye kutafuta kwa shida hiyo, hakosi kupata.

Mtu wa kwanza kujaribu kuufunga mlango huo kwa sheria alikuwa kabaila mmoja hodari aitwaye Erling Skakke. Huyu alikuwa amemwoa Kristin, binti wa yule Mfalme Sigurd aliyefariki mwaka 1130, wakazaa mtoto wa kiume waliyemwita Magnus. Baada ya kuuawa Inge, Erling alimfanya mwanawe mfalme akiwa na umri wa miaka mitano. Lakini palikuwa na dosari. Magnus hakuwa mwana wa mfalme. Damu yake ya kifalme ilitoka kwa mama. Kwa desturi ya zamani dai lake lilikuwa dhaifu kuliko la mtoto yeyote wa nje ya ndoa aliyezaliwa na mfalme.

Erling akaligeukia Kanisa. Norwei ilikuwa imepata askofu mkuu wake yenyewe karibu miaka kumi tu nyuma, mwenye makao katika mji wa Nidaros, ambao leo unaitwa Trondheim. Askofu Mkuu Øystein alikubali kumvika Magnus taji mjini Bergen, mwaka 1163 au 1164, na huko ndiko kutawazwa kwa kwanza kwa mfalme kwa ibada ya Kanisa katika nchi zote za Skandinavia. Ikatungwa na sheria ya urithi, inayojulikana kama sheria ya mwaka 1163. Ilisema kuwa mfalme awe mmoja tu, awe mwana mkubwa wa ndoa halali, isipokuwa kama ni mwovu au hana akili. Na maaskofu pamoja na watu wenye busara kutoka kila jimbo washiriki katika kuamua.

Tukisema kweli, hiyo ilikuwa sheria nzuri kuliko desturi ya zamani. Nchi moja, mfalme mmoja. Lakini kila mtu aliona kuwa imeshonwa kama kanzu kwa kipimo cha mtoto mmoja, na kwamba fundi aliyeishona ni baba yake. Wale waliokuwa wamesimama upande mwingine hawakuiona kuwa ni sheria. Waliiona kuwa ni silaha. Matokeo yake ni kwamba vita havikukoma, bali vilipata sababu mpya ya kupiganiwa.

Waliobaki nje walikusanyika misituni. Walikuwa maskini kiasi kwamba walifunga miguu yao kwa magome ya miti badala ya viatu, na kwa hiyo wakaitwa kwa dhihaka Birkebeiner, yaani watu wa miguu ya magome. Mwana wao wa mfalme waliyemtafuta aliuawa vitani mwezi Januari mwaka 1177. Mabaki yao wakakimbilia mpakani upande wa Uswidi wakiwa hawana kitu. Na hapo ndipo anapoingia mtu ambaye kisa chake kinapita vyote, naye ni Sverre.

Sverre alilelewa katika Visiwa vya Faroe, mbali katikati ya bahari, kwa askofu mmoja ambaye alimsomesha mpaka akapata upadri. Mama yake aliitwa Gunnhild. Mumewe Gunnhild, aliyejulikana na wote kuwa ndiye baba wa Sverre, alikuwa mtengeneza vitana aitwaye Unas. Lakini Sverre alipokuwa mtu mzima, mama yake alimwambia kwamba baba yake si mtengeneza vitana bali ni Mfalme Sigurd Munn, yule aliyeuawa mwaka 1155. Mwaka 1176 Sverre akapanda chombo kwenda Norwei. Birkebeiner waliobaki, kiasi cha watu 70, walipomkuta walimwomba awe kiongozi wao. Inasimuliwa kwamba mwanzoni alikataa, nao wakamtishia kuwa asipokubali watamwua, wakajipatie amani kwa adui. Unaona basi, ndugu msikilizaji, jeshi linatafuta mwana.

Je, alikuwa kweli mwana wa mfalme? Wanahistoria wengi wana mashaka. Sheria ya Kanisa ilitaka mtu awe na miaka 30 kabla ya kupewa upadri. Kama sheria hiyo ilifuatwa kwa Sverre, basi alizaliwa wakati Sigurd Munn mwenyewe ni mtoto wa miaka 13 hivi. Isitoshe, Sverre hakula kiapo cha chuma kuhusu nafsi yake, hata mara moja. Alipotokea mtu aitwaye Eirik aliyedai kuwa na yeye ni mwana wa Sigurd Munn, Sverre alimruhusu ashike chuma, lakini inasimuliwa kwamba alimwonya aape kuhusu baba yake mwenyewe tu, asiliingize jina la Sverre katika kiapo hicho. Mwenye macho haambiwi tazama.

Hata hivyo, ukoo ni kitu kimoja na uwezo ni kitu kingine. Yule padri kutoka visiwani alikuwa jemadari ambaye Norwei haijapata kumwona mfano wake. Mwaka 1177 alikubaliwa kuwa mfalme katika baraza la Øreting, karibu na Nidaros. Mwaka 1179 watu wake walimwua Erling Skakke katika vita ndani ya mji huo huo. Sverre mwenyewe alisimama kutoa hotuba kwenye maziko ya adui yake. Katika hotuba hiyo aliukumbusha umati kwamba askofu mkuu alikuwa ameahidi pepo kwa kila afaye akimpigania Magnus, na kwa hiyo, akasema kwa kejeli, watu hawana sababu ya kulia, maana siku hiyo mbinguni wameingia watakatifu wengi. Mwaka 1184, katika vita ya majini ya Fimreite, Mfalme Magnus alizama pamoja na watu wake wengi. Masimulizi yanataja kiasi cha watu 2,000 waliokufa siku hiyo moja.

Sasa Sverre akawa peke yake kitini. Je, alipumzika? Hata kidogo. Aliyeingia kwa dirisha hawezi kuwakataza wengine kuingia kwa dirisha hilo hilo. Mwaka mmoja tu baadaye akatokea mtu aliyetolewa katika nyumba ya watawa, aliyedai kuwa ni mwana wa Mfalme Inge. Huyu alipouawa mwaka 1188, upande wa Sverre ulitangaza kuwa alikuwa mtoto wa watu wa kawaida tu, wala si wa mfalme. Ajabu ni kwamba waliotangaza hivyo ni watu wa yule aliyelelewa nyumbani kwa mtengeneza vitana. Baada yake alikuja mwana wa Magnus aliyezama Fimreite, naye akauawa mwaka 1194. Mwaka 1196 Askofu Nikolas Arnesson alianzisha kundi lake mwenyewe, likaitwa Bagler, jina linalotokana na fimbo ya askofu. Mwaka 1198 Bagler waliuchoma moto mji wa Bergen. Wenye nyumba zilizoungua hawakuulizwa kama wanaamini kuwa baba yake Sverre ni Sigurd Munn au ni Unas. Wapiganapo tembo wawili, ziumiazo ni nyasi.

Kanisa nalo lilimtenga Sverre, na Papa Innocent wa Tatu akapiga marufuku ibada katika sehemu zilizomtii. Sverre hakunyamaza. Palitolewa andiko maalumu la kuwajibu maaskofu, likidai kuwa mamlaka ya mfalme yanatoka kwa Mungu moja kwa moja, wala hayapitii mikononi mwa askofu. Kadhalika alifanya jambo jingine ambalo sisi tunaozungumza redioni na kuandika magazetini inafaa tulitie maanani. Alimwita Karl Jónsson, mkuu wa nyumba ya watawa kutoka Aislandi, aandike habari za maisha yake, na dibaji ya kitabu hicho inakiri wazi kuwa mfalme mwenyewe alikaa pembeni ya mwandishi akiamua kipi kiandikwe. Kwa hiyo maneno ya mama yake, ndoto alizoota kwamba Mtakatifu Olav amemteua, upole wake kwa walioshindwa, mengi ya hayo tumeyapata kutoka kinywani mwake mwenyewe. Alijua kuwa aliyeshinda vita bila ya kushinda masimulizi ameshinda nusu tu.

Sverre alifariki kitandani mwake mjini Bergen mwezi Machi mwaka 1202, jambo lililokuwa nadra kwa wafalme wa wakati ule. Kabla ya kufa aliagiza uso wake uachwe wazi, ili rafiki na adui waone kama laana ya maaskofu imeacha alama yoyote. Alisema pia kuwa ufalme ulimletea taabu na fitina kuliko raha na utulivu. Alizikwa katika kanisa kuu la Bergen, na kanisa hilo lilibomolewa mwaka 1531. Leo sayansi ya vinasaba ingeweza kutueleza mengi, lakini kaburi lake halipo tena. Siri ya mtungi imekwenda na kata yake.

Mwana wa Sverre, Mfalme Håkon wa Tatu, alifariki siku ya kwanza ya mwaka 1204. Miezi michache baadaye Inga akajifungua mtoto wa kiume. Mwaka 1206, Bagler wakiwa wanawasaka wapinzani wao, watu wawili wa Birkebeiner walimchukua mtoto huyo wakavuka naye milima wakati wa theluji, wakiteleza juu ya mbao zilizofungwa miguuni. Wanorwei hawajasahau safari hiyo. Tangu mwaka 1932 yamekuwako mashindano ya kuteleza juu ya theluji ya kuikumbuka, na kila mshindani hubeba mgongoni mzigo wa kilo 3.5 badala ya mtoto.

Mtoto huyo ndiye Håkon Håkonsson, ambaye mama yake tulimwona mwanzoni akishika chuma. Mpinzani wake mkubwa alikuwa Skule Bårdsson, ndugu wa mfalme aliyemtangulia. Håkon hakukimbilia upanga. Skule alipewa kutawala theluthi moja ya nchi. Håkon akamwoa binti yake mwaka 1225. Akampa cheo cha juu mwaka 1237. Hata hivyo mwaka 1239 Skule alijitangaza mfalme. Mwaka uliofuata aliuawa nje ya nyumba ya watawa ya Elgeseter, karibu na Nidaros, baada ya wapinzani wake kuitia moto nyumba hiyo. Huyo alikuwa mdai wa mwisho. Vita vya miaka 110 vikaisha.

Kwa nini viliishia hapo, wala si mwaka 1184 au mwaka 1162? Si kwamba ukweli kuhusu akina baba hatimaye ulijulikana. Haukujulikana. Yako mambo matatu ambayo kwa maoni yangu yanafaa kutajwa.

La kwanza ni kwamba makundi yenyewe yalichoka, yakapatana. Bagler na Birkebeiner waliwekeana mkataba mwaka 1208, na mfalme wa Bagler alipofariki mwaka 1217, wengi wao walimkubali Håkon. Likabaki jeshi moja, na jeshi lenye mfalme halitafuti mwana.

La pili ni kwamba Håkon alitafuta kibali cha kila upande. Alichaguliwa katika ting kwa desturi ya zamani. Mama yake alishika chuma. Papa alimwondolea dosari ya kuzaliwa nje ya ndoa, na mwaka 1247 Kadinali William wa Sabina alikuja Bergen kumvika taji. Na kadinali huyo huyo, katika safari hiyo hiyo, akapiga marufuku kiapo cha chuma cha moto katika nchi ya Norwei. Mama alithibitishwa kwa chuma, mwana akatawazwa na aliyekiondoa chuma.

La tatu, nalo ndilo kubwa, ni sheria ya mwaka 1260. Sheria hiyo ilisema kuwa kiti ni cha mwana mkubwa wa ndoa halali, na ufalme usigawanywe. Utaniambia kuwa hayo ni yale yale aliyoyasema Erling Skakke mwaka 1163. Ni kweli, maneno yanakaribiana sana. Tofauti ni kwamba sheria ya Erling ilitungwa katikati ya mapigano ili upande mmoja uushinde mwingine, na ile ya Håkon ilitungwa baada ya amani, wakati hapakuwa na upande wa kushindwa. Sheria ya Håkon haikushonwa kwa kipimo cha Håkon mwenyewe, kwa maana yeye hakuwa mtoto wa ndoa. Alitunga sheria iliyowatanguliza watoto wa ndoa, ingawa yeye hakuwa mmoja wao. Mtu anapokubali kuweka kanuni isiyompendelea yeye, watu huanza kuamini kuwa ni kanuni kweli. Na mwanawe Magnus, aliyetawazwa mwaka 1261 baba yake akiwa hai, alipokea ufalme bila ya mtu kumwaga damu, na mwaka 1274 akaipa Norwei kitabu kimoja cha sheria kwa nchi nzima. Watu wakamwita Lagabøte, yaani Mtengeneza Sheria.

Ndugu msikilizaji, tukifikia mwisho wa mazungumzo haya nitakueleza jinsi Mfalme Håkon alivyokufa. Mwaka 1263, akiwa amerudi kutoka vitani upande wa Scotland, aliugua katika Visiwa vya Orkney. Mwandishi Sturla Thordarson anasimulia kuwa mgonjwa alisomewa vitabu usiku na mchana. Kwanza vya Kilatini, akachoka navyo kwa kuwa vilimtaka afikiri sana. Kisha vya lugha yake mwenyewe, habari za watakatifu, halafu habari za wafalme wa Norwei, mmoja baada ya mwingine. Mwisho kikasomwa kile kitabu cha babu yake Sverre, ambacho Sverre mwenyewe alikaa pembeni yake kikiandikwa. Kilimalizika karibu na usiku wa manane, na muda mfupi baadaye Håkon akakata roho.

Mimi hujiuliza alikuwa akifikiri nini alipokuwa akisikiliza. Inawezekana alijua, kama tujuavyo sisi, kwamba haki yake yote ilisimama juu ya neno la wanawake wawili: Gunnhild aliyesema kuwa baba si yule mtengeneza vitana, na Inga aliyeshika chuma. Hakuwa na njia ya kuyathibitisha maneno hayo. Alichoweza kukifanya ni kuhakikisha kwamba baada yake, mama mwingine yeyote hatalazimika kuunguzwa mkono ili nchi ipate amani. Na hilo alilifanya.